Nani Ataandika Habari za Pongwe?

Msafiri atokaye Tanga mjini kwenda Muheza hupita Pongwe baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 15. Huona kiwanda cha saruji, huona machimbo ya mawe ya chokaa, huona malori makubwa yakiingia na kutoka, na ikiwa hana ndugu wala shughuli mahali hapo huwa amekwisha kupasahau kabla ya kuifikia michungwa ya Muheza. Si kosa lake. Hapana mtu aliyemwambia kwamba reli ipitayo nchi ile ndiyo ya kwanza kujengwa Tanganyika. Kwamba kazi yake ilianza Tanga mwaka 1893 ikafika Muheza mwaka 1896. Wala kwamba mawe yanayosagwa pale kuwa saruji ni ndugu wa mawe yaliyotobolewa na maji yakafanya Mapango ya Amboni.

Tuseme sasa kwamba mtoto wa darasa la sita, mzaliwa wa Pongwe, ameagizwa na mwalimu wake kuandika insha juu ya mahali alipozaliwa. Babaye yuko kazini, bibi yake amelala, basi mtoto huyo anaazima simu ya mjomba wake na kutafuta. Huenda akaangukia Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya bure iliyomo katika intaneti, maana ndiko wengi waangukiako. Kata nyingi za nchi yetu zimepewa humo makala ya mistari miwili au mitatu: jina la kata, wilaya yake, mkoa wake, namba ya posta, na idadi ya wakazi kwa hesabu ya sensa. Habari hizo ni za kweli, na waliozipanga wastahili shukrani, kwa kuwa kata zetu zapita 3,000 na kuziandika zote si kazi ya siku moja. Lakini ni habari ambazo karani aweza kuzinakili bila kuondoka kitini pake. Hazimwambii mtoto watu wa kwao wanaishi kwa kazi gani, walitoka wapi, wala kwa nini kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1980 kiliwekwa pale na hakikuwekwa mahali pengine.

Jambo ninalotaka kulizungumza leo na wasomaji ni hili: nani atazijaza kurasa hizo, naye apatikane kwa njia gani. Jibu lililokwisha kutolewa mara nyingi ni kwamba kazi hiyo ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu, waifanye kwa kujitolea. Nakubali kwamba ni yao. Namna walivyoitwa ndiyo nisiyokubaliana nayo.

Kwa wale ambao hawajapata kuichungulia, Wikipedia ilianzishwa huko Marekani tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales pamoja na Larry Sanger. Ajabu yake ni kwamba haina waandishi wa mshahara. Kila msomaji aweza kubonyeza neno "hariri" lililo juu ya ukurasa akasahihisha kosa au akaongeza jambo, na kila badiliko huwekwa katika kumbukumbu ya ukurasa, hata mharibifu akifuta makala mazima yaweza kurudishwa mara moja. Tawi la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliolijenga siku zile za mwanzo alikuwamo Mtanzania Ndesanjo Macha, ambaye wakati huo alikuwa akikaa Marekani. Leo makala ya Kiswahili yamepita 80,000, na kwa lugha za Afrika hiyo si hesabu ndogo. Ya Kiingereza yamepita milioni 6. Lakini hesabu ya kurasa yaweza kumdanganya mtu, kama tulivyoona katika zile kata: kurasa elfu tatu zenye mistari mitatu mitatu bado ni kijitabu chembamba.

Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilitangaza mashindano ya kuandika makala ya Wikipedia kwa Kiswahili, ikawaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwa kompyuta, simu na vitu vya namna hiyo. Kampuni ilikuwa na sababu yake, nayo haikuifanya siri: mtu anayetafuta jambo kwa lugha yake na asipate kitu hana haja ya mtambo wa kutafutia. Vijana waliitika. Mwanzoni mwa mwaka 2010 washindi walitajwa, na zawadi kuu ikaenda kwa mwanafunzi mmoja wa Kenya. Mamia ya makala mapya yalikuwa yameingia katika muda wa miezi michache, na gazeti la New York Times likaandika habari zake.

Zawadi zilipokwisha, wengi wa waandishi wale hawakuonekana tena. Waliobaki ni wale wachache waliokuwako tangu kabla ya mashindano, nao wakarithi kazi ya kusafisha. Makala mengi yalikuwa yamefasiriwa kutoka Kiingereza kwa msaada wa mashine, na Kiswahili chake kilikuwa kama koti la kuazima, mikono inapita vidole na mabega yanabana. Mengine yalihusu mambo ambayo msomaji wa Kiswahili hangeyauliza kamwe, na yaliyo mlangoni pake hayakuguswa.

Sisemi hivyo ili niwalaumu vijana wale. Mtu aliyeitwa kwenye mashindano ana haki ya kwenda zake mashindano yakiisha, hasa ikiwa ana mitihani mbele yake. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba makala ya kamusi elezo ni kama gunia la mahindi, ambalo likishapimwa mwenye kulileta hulipwa akaondoka. Makala haya yanataka kulimwa kila mwaka. Sensa ya mwaka 2012 ilifuatwa na ya mwaka 2022, na hesabu zote za watu zikabadilika. Kata hugawanywa, kiwanda hupata mwenyewe mpya, mtu mashuhuri hufariki dunia, na kila mara lazima awepo mtu wa kurudi katika ukurasa ule kuurekebisha. Mashindano yalileta kurasa nyingi na wenye kurasa wachache mno.

Kwa mfano ulio bora sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kusafiri. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali mjini hapa, waliweka na mtambo wa kupigia chapa, na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi Vita Kuu ya Kwanza lilitoka pale gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, lilitumikia haja za wakubwa wake, na sitaki mtu anielewe kwamba nalisifu kwa hilo. Lakini tazama namna lilivyopata habari zake. Vijana waliomaliza Tanga walipelekwa bara kuwa waalimu na makarani, na huko waliko wakawa wanaliandikia gazeti lao juu ya mambo ya mahali pale. Baada ya vita Waingereza walifanya vivyo hivyo kwa Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kupokea barua, mashairi na habari kutoka kila pembe ya nchi. Mwanahistoria atakaye kujua watu wa miaka ile walikuwa wakiwaza nini hana budi kuyafungua magazeti hayo, na humo atakutana na karani mmoja wa mahali fulani, ambaye hakuwa mtu mkubwa, akieleza mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Karani yule hakuulizwa aandike juu ya dunia nzima. Aliandika juu ya mahali alipokuwa akikaa, kwa lugha aliyokuwa akiisema, na majirani zake waliweza kusoma na kumbishia. Hapo ndipo penye tofauti kubwa baina yake na mwanafunzi wa mwaka 2009, aliyekaa katika chumba cha kompyuta akitafsiri habari za watu asiowajua kwa ajili ya wasomaji asiowaona.

Basi na tumwazie mwanafunzi mmoja wa leo, binti wa mwaka wa pili, aliyerudi Pongwe kwa likizo. Anataka kuuongeza ukurasa wa kata yake. Jambo la kwanza afanyalo, nalo ni jema, ni kwenda kwa mzee wa jirani aliyefanya kazi machimboni tangu ujanani. Mzee anamweleza jinsi mawe yalivyokuwa yakivunjwa, jinsi chokaa ilivyokuwa ikichomwa kwa kuni, nani walikuja kutafuta kazi na kutoka wapi. Binti anaandika kurasa sita za daftari. Akifika kwenye mtambo anakutana na sharti gumu kuliko yote: kila habari iwe na chanzo kilichokwisha kutangazwa, ambacho msomaji mwingine aweza kukiendea na kuhakikisha. Maneno ya mzee, hata yakiwa kweli tupu, hayapokewi namna hiyo.

Wengi hukata tamaa hapo, na ninawaelewa. Sharti hilo lilitungwa na watu ambao kwao kila mtaa una kitabu chake. Kwetu maarifa mengi bado yamo vinywani, na mwenye kinywa anazeeka. Hata hivyo siliiti sharti baya. Bila yake kila mwenye shamba la kugombania angeandika historia yake ya mipaka, na kila mwenye ukoo angejipa ufalme. Binti wetu asilipige teke. Alizunguke kwa akili.

Kwanza, aliyoyasikia kwa mzee yamemfunza maswali. Sasa anajua la kutafuta, na vitu vilivyopigwa chapa ni vingi kuliko anavyodhani. Mjini Tanga iko maktaba ya mkoa. Katika Boma la zamani wako watu wa Urithi, wenye makumbusho ya mji na picha zake za kale. Ziko taarifa za sensa, ziko taarifa za wachunguzi wa miamba juu ya mawe ya chokaa ya Tanga, ziko tasnifu za wanafunzi waliomtangulia, zilizolala katika maktaba za vyuo bila kufunguliwa. Viko hata vitabu vya Kiswahili vyenye umri mkubwa: Habari za Wakilindi, alizoandika Abdallah bin Hemedi, zilipigwa chapa na wamisionari wa Magila, jirani na Muheza, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hicho ni chanzo halali kama kitabu chochote cha Ulaya. Picha nayo haihitaji kitabu: akipiga picha ya kituo cha reli, au ya ukingo wa machimbo mahali panaporuhusiwa, akaitoa itumiwe bure, ameipa dunia jambo ambalo mwandishi aliyeko ng'ambo hawezi kulipata.

Pili, maneno ya mzee yaweza kufanywa chanzo, ila yapitie mlango mwingine kwanza. Yakiandikwa katika tasnifu iliyokubaliwa na chuo, au katika jarida, au katika gazeti lenye mhariri wa kulipima jambo, yamekwisha kuwa kitu kinachoweza kutajwa. Hapa lawama yatugeukia sisi wa magazeti. Zamani kurasa zetu zilipokea barua za vijijini kwa wingi. Siku hizi Pongwe huingia gazetini kukiwa na ajali ya barabarani au hesabu za faida ya kiwanda. Kila safu tunayowanyima watu wa mahali kama pale ni chanzo tulichomnyima yule binti.

Yako na makatazo ambayo yafaa ayajue mapema. Asinakili sentensi za kitabu cha mtu na kuzibandika, kwa kuwa sheria ya hakimiliki inamkataza na makala yatafutwa. Asimwandikie mjomba wake makala kwa sababu tu ana duka kubwa. Na asiwe mwepesi wa kukasirika mtu asiyemjua akimsahihisha. Iko sehemu ya majadiliano katika kila ukurasa, na waliomtangulia wengi huwaongoza wageni kwa upole wakiombwa.

Sasa kuna jambo lililoongezeka tangu siku za yale mashindano, nalo lanitia wasiwasi kuliko mengine. Mashine zijibuzo maswali, ambazo vijana wetu wanazitumia hata kwa kazi za chuo, zimefundishwa lugha kwa kusomeshwa maandishi ya intaneti, na kamusi elezo ni moja ya vitabu vyao vya kwanza. Penye lugha yenye maandishi mengi, kurasa mia mbovu hazina madhara. Penye maandishi machache kila ukurasa mbovu una uzito. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya watu wa Uskoti, ilikuwa imejazwa maelfu kwa maelfu ya makala na kijana mmoja wa Marekani ambaye lugha yenyewe hakuijua. Alikuwa akigeuza Kiingereza neno kwa neno kwa msaada wa kamusi. Alianza akiwa mtoto, wala hakuwa na nia mbaya, na wenye lugha hawakuwapo kumzuia. Kiswahili hakijafika huko. Lakini ikiwa mashine itatafsiri Kiingereza kwa Kiswahili kibovu, mwanafunzi akakibandika katika kamusi elezo, na mashine ya mwaka ujao ikajifunza kwacho, basi mtoto wetu wa darasa la sita atajibiwa kwa Kiswahili ambacho bibi yake hakitambui. Lugha hii ilikuwa na mlezi wake hapa hapa Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na miaka mingi mchana alikuwa mtumishi wa serikali. Vitabu alivyotuachia alivipatia nafasi nje ya saa za kazi.

Nimesikia hoja moja dhidi ya mambo haya, na ni hoja ya haki. Mwanafunzi wa leo ana fedha kidogo za kujikimu, zile wenyewe wanazoziita bumu, na mara nyingine zinachelewa. Kifurushi cha intaneti anakinunua kwa kupunguza chakula. Akimaliza masomo hana hakika ya kazi. Kumwambia ajitolee ni maneno rahisi kwa mtu aliyeshiba. Ndiyo maana sioni busara ya kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Mwanafunzi tayari anaandika. Kila muhula anaandika insha za kurasa kumi, mhadhiri anazisoma mara moja, anazitia alama, kisha zinakwenda kabatini kuliwa na mende. Kazi ile ile ingeweza kuandikwa kwa namna ya makala, yenye vyanzo vyake, ikatiwa alama na mhadhiri na ikabaki kusomwa na watu. Hili si jambo la kubuni. Huko Marekani wahadhiri walianza kulifanya kwa utaratibu mwaka 2010, na mwaka 2012 vyuo vikuu vya Cairo na Ain Shams nchini Misri vikaanza kulifanya kwa Kiarabu. Wengi wa walioandika huko walikuwa wasichana waliokuwa wakisomea lugha, nao walipewa maksi kwa kazi yao.

Kwa upande wetu, chuo ambacho ningekitazama kwanza ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake hawahami kwao: wengi ni waalimu, makarani, wauguzi na watumishi wengine wanaosoma wakiwa kazini, kila mmoja katika wilaya yake, na Tanga kina kituo chake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusubiri likizo ili aione Pongwe. Anamjua mzee wa machimbo, anamjua mtendaji wa kata mwenye majedwali ya sensa, na ukurasa ukichakaa yeye bado yupo. Akilinganishwa na yule karani wa Kiongozi, tofauti yao kubwa ni simu.

Kwa atakayeanza, ningemshauri asianze na ukurasa mrefu. Liko swali moja dogo ambalo sijaona likijibiwa popote. Kijiji kingine kiitwacho Pongwe kiko pwani ya mashariki ya Unguja, na kingine, Pongwe Msungura, kiko mkoa wa Pwani. Je, ni watu waliohama na jina lao, au ni neno lililomaanisha kitu kilichopatikana mahali pote patatu, na sasa limesahauliwa? Wazee wa kuulizwa wako Pongwe ya Tanga, wako Unguja, na nauli ya basi na boti haizidi uwezo wa wanafunzi watatu wakichanga. Waandike waliyoambiwa, watafute yaliyopigwa chapa, walete barua gazetini. Yule mtoto wa darasa la sita naye anangoja, na insha yake yatakiwa Ijumaa.